Naomba ushauri: kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha sita kwenye ngitili kupima miti (Misungwi)

Mwalimu_Misungwi:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita huku Misungwi. Ikolojia tumeshaimaliza ubaoni, lakini wanafunzi wanaandika "kwadrati" (kipande cha ardhi kilichopimwa ili kuhesabu mimea yake) kwenye mitihani na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama chini akahesabu mche. Inaniuma. Nauli ya kwenda Rubondo hatuna, na hata Saanane, ukijumlisha boti na kiingilio, wazazi hawatamudu. Ila jirani na shule kuna ngitili ya kijiji, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa mifugo isiingie kwa msimu, iko juu mlimani kwenye mawe, imefungwa tangu mvua zianze. Chini yake bondeni ni malisho ya wazi. Nimewaza hivi: kwadrati kumi ndani, kumi kule bondeni, tulinganishe wingi na unene wa miti tuone kama kufunga ngitili kunasaidia. Vifaa ni kamba za katani na futi za mafundi cherehani. Mnaonaje?

Dada_wa_Igombe:
Hongera sana Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nitasema ya kwangu tu. Suruali ndefu na viatu vya kufunika, mawe ya huku yana nyoka, na asiingize mtu mkono kwenye upenyo asiouona ndani. Wakimaliza wasikimbilie ziwani kuoga, kichocho kipo. Na mwenyekiti wa kijiji ajue mapema.

Mzee_Luseni:
Mwalimu, shughuli za misitu Usukumani ndizo zilizonilea hadi nikastaafu, kwa hiyo uzi huu umenigusa. Swali lako ni zuri. Shida iko mahali ulipotaka kulipimia.

Ngitili yako iko juu, malisho yako chini. Ukilinganisha hizo mbili utakuwa umepima udongo, si uhifadhi. Milima yetu haina udongo mmoja. Ukitoka kwenye majabali unakanyaga luseni, ule mchanga uliotokana na mawe yenyewe. Ukishuka unakuta itogolo, mgumu, kiangazi jembe linadunda. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua, jua likiwaka unapasuka nyufa. Wazee wetu walichagua mahali pa kulima na pa kuchungia kwa kufuata mpangilio huo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, ndiye aliyeupa mfuatano wa namna hii jina la katena miaka ya 1930, na leo unafundishwa dunia nzima.

Miti nayo inafuata udongo. Kwenye mawe utaona jamii ya mikuyu imepenyeza mizizi kwenye nyufa za jabali. Kwenye mchanga tafuta milama. Mbugani ni migunga, na upo mmoja mfupi ambao naomba sana wanafunzi wako wausogelee: miiba yake mingine imevimba pale inapoota, kivimbe kigumu chenye tundu dogo. Mwambie mtoto agonge tawi kwa penseli. Sisimizi watamiminika nje, wameinua matumbo juu, tayari kuuma. Mti unawapa nyumba na utamu, wao wanamfukuza anayekuja kula majani. Upepo ukipita kwenye vile vitundu mti unapiga mluzi.

Sasa mwanafunzi asiyejua haya atapima mgunga ule, ataona ni mwembamba kuliko mti wa juu, ataandika kwamba ng'ombe wameharibu. Ng'ombe watakuwa wamesingiziwa.

Kwa hiyo zunguka mpaka wa ngitili mpaka upate sehemu ambayo ndani na nje ni luseni ile ile, mteremko ule ule. Huna haja ya maabara: lowesha udongo kidogo, uviringishe kiganjani. Ukimeguka ni mchanga, ukitoa utepe mrefu ni mfinyanzi. Hapo ndipo weka kwadrati zako za mita 20 kwa 20, na pembeni ndani yake moja ya mita 5 kwa 5 ya vichaka. Siku nyingine vuta mstari kutoka jabalini hadi mbugani, mkisimama kila mita 50 kuandika udongo na miti. Hizo ni kazi mbili tofauti, zisichanganywe kwenye jedwali moja.

Na tafadhali, ule mchezo wa kurusha fremu ya kwadrati kwa nyuma ili kuchagua mahali pa kupima uachwe. Watoto wanarusha palipo wazi, wanakwepa miiba, na miiba ndiyo msitu wenyewe. Chukua namba za bahati nasibu kwenye kikokotoo, hesabuni hatua.

Muombe pia mzee mmoja aliyezoea dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, awasimulie nani aliamua ngitili ifungwe lini na ifunguliwe lini. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ulijengwa juu ya utaratibu huu wa Wasukuma wenyewe. Wanafunzi wako wanastahili kulijua hilo wakiwa wamesimama humo ndani.

Mwalimu_Misungwi:
Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Upande wa mashariki mpaka unakata mchanga, nje kuna mbuzi kila siku. Tutapima hapo. Swali moja: visiki vilivyokatwa zamani vimechipua mashina matano, sita. Nihesabu miti mingapi?

Mzee_Luseni:
Marahaba mwanangu. Mti mmoja, mashina mengi. Kila shina lipimwe mzingo wake mita 1.3 kutoka ardhini, gawa kwa 3.14 upate kipenyo, kisha andika kisiki kilikuwa na mashina mangapi. Hiyo safu ya visiki kwenye jedwali usiiache, inakuonyesha shoka limepita wapi.

Kijana_wa_Misitu:
Naongezea kwa Mzee: panga miti kwa makundi ya unene, mchore grafu ya ndani na ya nje. Miche mingi, ya kati kiasi, minene michache, hapo msitu unajirithisha. Mkiona miche na minene ipo lakini ya kati haipo, nendeni mkaangalie mbuzi wanakula nini na kuni zinakatwa za unene gani. Mwalimu, ukipata grafu ziweke hapa tuzione.