Uzi: Pikipiki ya zamani inalia injini, tupeane uzoefu wa kuusaka mlio

Spana Kumi
Wakuu, pikipiki kuukuu ikianza kulia tu, watu wanakimbilia kufungua injini nzima. Tuanze na kusikiliza. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uubane kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Gusa kava ya tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, juu ya injini), shuka kwenye silinda, kisha kava ya klachi, kisha ya magneto (gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme). Palipo na ugonjwa patakugonga sikioni.

Tapeti Kavu
Tik-tik nyepesi ya kichwani mwa injini, inayopanda na mzunguko wa injini, ni tapeti. Pima injini ikiwa imelala baridi. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, zungusha magneto mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye kava. Tikisa roka (vyuma vinavyosukuma valvu) zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo, uko sawa. Moja ikiwa imebana, zungusha raundi moja kamili. Nafasi ya Honda CG125 ni 0.08 mm, valvu zote mbili. Fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ipite ikiburuta kidogo. Ukikaza nati, shika skrubu isisogee, halafu upime tena, maana nati hubadilisha kipimo. Na usibane ili tu inyamaze! Valvu ya eksozi hupoza kichwa chake inapokaa kwenye kiti. Isipokaa vizuri, inaungua.

Mzee wa Gia
Naunga mkono. Tapeti inayosikika kidogo ina afya kuliko iliyobanwa.

Cheni Huru
Mnasahau cheni ya taiming. Kaza tensheni (kikaza cheni), mchakacho unaisha.

Tapeti Kavu
Mkuu, CG125 haina cheni ya taiming. Kemu (shafti inayofungua valvu) iko chini, inaendeshwa na gia, roka zinasukumwa na fimbo. Utamfanya mtu atafute tensheni isiyokuwepo.

Cheni Huru
Uzi si wa CG peke yake. Zenye kemu juu, mchakacho uko upande mmoja wa silinda, kwenye njia ya cheni. Kama tensheni imefika mwisho na bado inalia, cheni imerefuka. Badilisha pamoja na raba zake za kuongozea.

Mzee wa Gia
Ukiwa umeweka nyutro, mlio ukikata unapobana klachi, angalia nyumba ya klachi na raba zake kabla ya kugusa kichwa.

Oili Nzito
Mimi nasema weka oili nzito, kelele zote zinapoa.

Spana Kumi
Hapo hapana, ndugu. Unaficha mlio, uchakavu unaendelea. Afadhali umwage oili kwenye beseni safi na upitishe sumaku. Unga unaonata ni chuma. Unaometa bila kunata ni alumini au shaba.

Konrodi
Wote simamisheni kidogo. Kuna mlio mmoja usio wa mjadala: GO-GO-GO nzito ya chini, inayozidi unapopanda mlima au kuvuta mzigo. Hiyo ni beringi ya chini ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini). Ikiachia, konrodi inakatika, inatoboa krenkesi (nyumba ya chini ya injini), oili inamwagika kwenye tairi la nyuma, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kasi. Toa kichwa na silinda, shika konrodi, ivute juu na isukume chini bila kuzungusha kranki. Kucheza kwa ubavuni kidogo ni kawaida. Kucheza juu-chini hata kidogo, beringi imekwisha.

Cheni Huru
Lo! Na ikigonga baridi tu, ikipata moto inaacha?

Konrodi
Hiyo mara nyingi ni pistoni kulegea ndani ya silinda. Inatembea, ila pima silinda mapema.

Oili Nzito
Na hiyo ya GO-GO, mtu anaweza kufika nayo kwa fundi polepole?

Konrodi
Zima. Ipakie.

Mzee wa Gia
Nyongeza: "chi-chi" inayofanana na tapeti, angalia masizi meusi pale bomba la eksozi linapoungana na kichwa. Gasketi imechoka.