Baba ana saratani ya ini, daktari anataka matibabu mawili pamoja. Tukubali?

Nyarkano: Wadau, niko Kisumu, usingizi sipati. Baba ana uvimbe mmoja kwenye ini, sentimita 4. Daktari wa Nairobi anasema hapasuliwi. Watapitisha mrija kwenye mshipa wa kinenani mpaka ini, wamwage dawa na kuziba damu inayolisha uvimbe, kisha wauchome kwa sindano ya joto. Moja haitoshi?

Mwanakwetu_Naks: Pole sana. Saratani hii huletwa sana na hepatitisi B, virusi vya ini, hata mahindi yenye sumu ya kuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi Ukambani, na bado twaanika mahindi juu ya udongo. Pimweni nyote hepatitisi B, mchanjwe.

NesiWaZamu: Sindano peke yake hufaa zaidi uvimbe usiozidi sentimita 3. Ukizidi, damu inayopita kando huondoa joto na kingo hubaki hai, ndiyo maana huziba kwanza. Ila ini lenyewe likoje? Macho? Tumbo?

Nyarkano: Tumbo limefura kidogo tu.

NesiWaZamu: Kidogo vipi, dada? Ametolewa maji?

Nyarkano: Jumanne, lita 5. Na macho yamekuwa manjano baada ya ile skani ya Nairobi. Nairobi hawajaambiwa. Lakini baba mwenyewe anataka, na shamba la Ahero limepata mnunuzi. Nimwambie akae tu nyumbani?

Omwami_Butere: Shamba la mzee haliuzwi yeye akiwa hai. Sisi tuliuza ng'ombe wote kwa ajili ya mama, hadi leo ndugu hatusalimiani.

JichoKali: Kwanza uvimbe, sasa maji, halafu manjano. Kesho namba ya kutuma pesa. Hadithi hizi tumezizoea.

Nyarkano: Sijaomba hata shilingi.

NesiWaZamu: Iwe kweli au uongo, yupo anayesoma hapa na mzee wake ana manjano. Ini lililochoka hivyo, ukiliziba mshipa, linaweza kushindwa kabisa. Dada, piga simu Nairobi kesho, peleka vipimo vipya vya damu kabla ya kugusa pesa ya shamba.

Nyarkano: Arubuni imeingia leo asubuhi. Wakisema hafai tena, mnunuzi atakubali kurudishiwa?

Mwanakwetu_Naks: Shamba la kilimo bila idhini ya bodi ya ardhi halijauzwa. Msiitumie hiyo pesa.