Ni kosa gani limepandisha masi ya moli ya urea tuliyoipata kwa kushuka kwa kiwango cha kuganda?

mwanafunzi_kemia
Habari zenu. Tumeyeyusha gramu 1.50 za urea katika gramu 50.0 za maji safi, tukaupooza myeyusho katika barafu iliyochanganywa na chumvi. Kipimajoto chetu, chenye alama za kila nusu digrii, kilisoma 0.2 °C kwa maji matupu na −0.6 °C kwa myeyusho. Kwa Kf ya maji (digrii ambazo kiwango cha kuganda hushuka kwa kila moli moja iliyoyeyushwa katika kilo moja ya kiyeyushi), yaani 1.86, tulipata gramu 69.8 kwa moli, ilhali thamani inayokubalika ni 60.06. Mwenzangu anadai kwamba kosa ni kipimajoto kuzidisha 0.2, nami nadhani ni urea iliyobaki kwenye karatasi ya kupimia. Ni nani aliye sahihi?

msoma_mizani
Ndugu, anza na kanuni yenyewe: masi ya moli ni Kf mara gramu za kiyeyushwa, ikigawanywa kwa kilo za kiyeyushi na kwa tofauti ya joto. Kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo inayogawanya, chochote kinachoipunguza hupandisha jibu, na chochote kinachoikuza hulishusha. Hoja ya mwenzako haisimami, kwa sababu kipimajoto kilichozidisha 0.2 kwa maji kilizidisha vivyo hivyo kwa myeyusho, na ziada hiyo hujifuta mnapotoa. Ingewadhuru iwapo mngechukua 0 ya kitabuni badala ya kipimo chenu: tofauti ingekuwa 0.6, na jibu lingefika 93.

Hoja yako inaelekea upande unaofaa, lakini tuipime. Ili tofauti ishuke kutoka 0.93 inayotarajiwa hadi 0.8, ni lazima gramu 0.21 ziwe zimebaki nje ya maji, yaani takriban sehemu moja ya saba ya urea yote, na kiasi hicho mngekiona kwa macho kwenye karatasi. Mimi nashuku usomaji. Alama za nusu digrii huruhusu kukisia kwa kosa la 0.1 hivi, na kwa kuwa mmesoma mara mbili, tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.6 na 1.0, na masi ya moli popote kati ya 93 na 56. Thamani ya 60 imo humo ndani.

barafu_na_chumvi
Kuna jambo ambalo halijaguswa: kimiminika huweza kupoa chini ya kiwango chake cha kuganda kabla fuwele hazijatokea. Je, myeyusho mliusoma wakati gani?

mwanafunzi_kemia
Tulisoma joto la chini kabisa, kabla halijapanda tena. Kwa maji matupu tulisubiri hadi joto likatulia.

barafu_na_chumvi
Basi hapo mliikuza tofauti, na jibu lilipaswa kutoka chini ya 60; kosa jingine kubwa zaidi limelifunika hilo. Hata joto linalopanda baada ya fuwele kutokea halitoshi, kwani kila digrii moja ya kupoa kupita kiwango hugandisha karibu asilimia 1.25 ya maji, na kwa kuwa barafu hiyo haichukui urea, myeyusho unaobaki hukolea na kuganda chini zaidi. Koroga mfululizo, dondosha chembe ya barafu mapema, andika joto kila baada ya sekunde 15, kisha chora grafu na urefushe mstari wa kuganda kurudi nyuma hadi ukutane na ule wa kupoa.

msoma_mizani
Naafiki. Mkiruhusiwa kubadili vitu vyenyewe, pimeni naftaleni katika sikloheksani, ambayo Kf yake ni karibu 20: gramu 0.64 katika gramu 25 hutoa tofauti ya digrii 4 hivi, na kosa lilelile la 0.2 huwa asilimia 5 tu, badala ya 25 mliyo nayo sasa. Ila mfunike tyubu vizuri, kwa sababu sikloheksani hugeuka mvuke upesi, na kila kinachopotea baada ya kupimwa huukoleza myeyusho na kulishusha jibu bila nyinyi kujua.