Usiku mmoja ziwani Kigoma: niende mwisho wa Agosti au Oktoba?

Mjukuu wa Ujiji

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Mimi nimezaliwa Ujiji, sasa naishi Dodoma. Babu yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alianza na lusenga, wavu wa kuchota wenye mpini, na moto wa kuni juu ya mtumbwi, akamalizia na karabai. Mimi mwenyewe niliingia naye ziwani mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, nikalala usingizi hadi asubuhi. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita Mei hii na anasubiri chuo. Kabla hajaondoka nataka tukalale naye usiku mmoja ziwani, aone taa zinavyowashwa na wavu unavyovutwa. Mjomba wangu ana mitumbwi miwili ya kuunganisha pale Katonga na amekubali kutubeba.

Kazini nimepewa siku kumi nichague: 26 Agosti hadi 4 Septemba 2026, au 5 hadi 14 Oktoba. Agosti kuna arusi ya binamu yangu, Jumamosi tarehe 29, kwa hiyo nyumbani wanataka iwe safari moja, nauli moja. Mjomba nikimuuliza anajibu "njooni tu, ziwa lipo". Naomba ushauri kwa wanaojua mwezi, upepo na msimu. Mchana pia kijana angependa kutupa ndoano.

Karabai ya Katonga

Marahaba mwanangu. Nimevua dagaa na migebuka miaka 19 kutoka Katonga na Kibirizi, sasa magoti yamekataa, nipo nchi kavu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu nia yako nimeipenda.

Anza na mwezi. Tarehe 28 Agosti mwezi ni mpevu, yaani usiku wa kuamkia arusi. Kwa arusi ni mbalamwezi nzuri sana, watu watatembea bila tochi. Kwa wavuvi huo ndio wakati wa kushona nyavu. Wazee wa Ujiji hawakuhitaji kalenda ya ukutani kwa jambo hili. Maulidi inasomwa tarehe 12 ya Mfunguo Sita kwa hesabu ya mwezi mwandamo, mwaka huu ni kama tarehe 25 au 26 Agosti, na kila mwaka Maulidi ikifika mwezi unakaribia kujaa. Marehemu nahodha wangu alikuwa akisikia dufu zinapigwa anatoa betri kwenye mtumbwi anazirudisha nyumbani.

Sababu yake ni hii. Mchana dagaa wanakaa chini sana. Giza likiingia wanapanda juu wakifuata vijidudu vya majini wanavyokula. Taa yako inavikusanya vijidudu, dagaa wanakuja kula, na migebuka wanakuja kumla dagaa. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa yako inakuwa mshumaa uliowashwa juani, samaki wametawanyika kila mahali na hawana haja na wewe.

Ila wengi wanakosea wanapohesabu siku za giza peke yake. Mvuvi anahesabu saa za giza. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mchanga unatua mapema, hivyo giza lako lipo kuanzia hapo hadi alfajiri. Ukishapevuka na kuanza kupungua, giza lako lipo mwanzo wa usiku, kabla haujachomoza. Kwa hiyo hata safari yako ya Agosti haijafa kabisa. Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni. Tarehe 28 mwezi utatoka muda huohuo jua linapozama. Tarehe 2 Septemba utatoka kama saa tano usiku. Ukiondoa muda wa giza kukamilika unabaki na saa tatu hivi za kuvua. Mtawasha, mtangoja, mtavuta wavu mara moja, labda mbili, mtarudi.

Oktoba ni habari nyingine. Mwezi unaandama baada ya tarehe 10. Usiku wa tarehe 7 mwezi hautoki hadi alfajiri, na tarehe 12 unatua kama saa mbili na robo usiku. Siku hizo zote katikati mna giza karibu usiku mzima.

Sasa upepo, na hapa naomba usome taratibu. Mwezi utakuchagulia wiki, lakini usiku wenyewe unachaguliwa na upepo. Kuanzia Mei hadi karibu Septemba ziwa letu linapigwa na kusi. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo ukitoka kusini unakuja na mawimbi ukiyasukuma sehemu kubwa ya njia hiyo hadi kwetu. Kwa mtumbwi mmoja si neno. Kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu umening'inia chini katikati, wimbi la ubavuni linainua mmoja na kushusha mwingine, na miti inalia. Mwisho wa Agosti kusi huwa linaelekea kuchoka lakini bado lina siku zake. Oktoba mara nyingi maji ni laini kama mafuta saa mbili usiku.

Kusi hilohilo ndilo linalotupa msimu. Miezi yote hiyo linasukuma maji ya juu ya vuguvugu kuja kaskazini, na huko kusini, upande wa Kipili na Mpulungu, maji ya baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Upepo ukilegea, maji yanabembea kurudi, kama maji ya beseni ulilolibeba kisha ukasimama ghafla, na huku kwetu nako yanachanganyika. Katika miaka yangu yote, mavuno ninayoyakumbuka kwa furaha yalikuwa kuanzia Septemba kwenda mbele, si Juni.

Jambo moja la serikali: 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tarehe zako zote mbili ziko nje ya miezi hiyo, lakini mwambie mjomba aulize BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, kuhusu tangazo la mwaka huu kabla hujakata tiketi. Na leseni ya chombo aionyeshe kabla hamjapanda, usione aibu kumwomba kwa sababu ni mjomba.

Ningekuwa wewe ningekwenda Oktoba.

Mama Chanja

Shikamoo mzee wa Karabai, umenikumbusha mbali. Mimi ni mwanika dagaa, nina chanja zangu Kibirizi, kwa hiyo msimu nautazama kutoka upande wa jua.

Kaka yangu wa Ujiji, Oktoba ni nzuri lakini usiisogeze mbele. Mvua kwetu zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na zinakwenda hadi Aprili. Jua likiwa kali, dagaa walioletwa saa kumi na mbili asubuhi nawageuza saa nne, na jioni nawakusanya wakiwa wakavu, wanang'aa rangi ya fedha, ukimvunja mmoja anakatika kwa sauti. Mvua ikinyesha juu ya chanja mara moja tu, tumbo linapasuka, rangi inakuwa ya njano, harufu inageuka, na huyo sasa ni chakula cha kuku. Mwaka jana wiki moja ya mawingu ilinila mtaji wa miezi miwili. Nilikuwa nakaa nje usiku natazama juu kama mgonjwa.

Kama unataka kubeba dagaa wa kupeleka Dodoma mliowavua wenyewe, vueni mwanzoni mwa safari, si usiku wa mwisho. Wape jua siku mbili. Na kijana aje chanjani asubuhi hiyo, kazi ya dagaa haiishii kwenye mtumbwi.

Mkerewe wa Nansio

Nachangia kidogo kutoka Ziwa Victoria. Huku nako wavuvi wa dagaa wanapumzika mbalamwezi, hilo ni moja kwa maziwa yote. Tofauti yetu ni dhoruba. Kwetu mawingu yanajijenga juu ya maji usiku, na kishindo kinakuja alfajiri, wakati watu wamechoka na mtumbwi umejaa. Tunaangalia utabiri wa maziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila siku kabla ya kusukuma. Mzee wa Karabai, huko kwenu dalili mnazisomaje?

Karabai ya Katonga

Swali zuri, na lazima nilijibu kwa sababu ya yule kijana.

Utabiri wa TMA tazameni mchana, kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Wakisema upepo mkali, msiende, hata kama likizo inaisha kesho. Lakini mkishakuwa majini mnabaki na macho na masikio.

Mwaka wa El Nino, 1997, mwezi Novemba, tulikuwa watu watano. Giza lilikuwa zuri ajabu. Chini ya taa maji yalianza kuwa kama uji, vile vijidudu, kisha wakaja dagaa, wanazunguka upande mmoja wote, ukiinama unasikia mlio kama mvua ndogo juu ya majani. Radi zilikuwa zinamulika upande wa Kongo, kimyakimya, bila ngurumo. Radi ya kimya tunaiacha. Baadaye nikasikia ngurumo moja, ya mbali. Nahodha akasema tungoje migebuka waingie ndipo tuvute. Mimi nilikuwa kijana, nikanyamaza. Upepo ukageuka, ukawa wa baridi, unanukia udongo uliolowa. Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo cha karabai, kioo kikapasuka. La pili, taa ya pili. Ndani ya dakika chache tulikuwa gizani, wimbi limevunja mti mmoja wa kuunganisha, na wavu wenye samaki unatuvuta chini. Tulikata kamba za wavu kwa kisu. Tuliokoka wote, wavu tuliuacha ziwani, na ziwa hili mahali pengine lina kina cha mita 1,470, halirudishi kitu.

Tangu usiku ule nilikuwa na sheria yangu: ukisikia ngurumo, vuta wavu. Usingoje kuiona mvua. Ukinusa udongo umeshachelewa. Siku hizi taa ni za sola na betri, hazipasuki kwa tone la maji, na nadhani hilo limewapa vijana ujasiri usiofaa, kwa sababu karabai ilikuwa inakuonya.

Mjukuu, mwambie mjomba jambo hilo kabla hamjaondoka, mbele ya kijana, ili nahodha asije kuona haya kurudi mtupu mbele ya wageni. Wageni ndio wanaowafanya manahodha wakae muda mrefu kupita kiasi. Na kila mmoja awe na jaketi la kujiokolea, alivae.

Mjukuu wa Ujiji

Mzee wangu, nimesoma nikamsomea na mama mzazi. Amesema karabai zikipasuka babu naye alikuwa anarudi, hakuwahi kueleza kwa nini. Nimekaa na mke wangu, yeye na mama wataenda arusini Agosti, mimi nitatuma mchango wangu na kumwomba binamu radhi kwa simu. Mimi na kijana tutaingia Kigoma 5 Oktoba, tutalala ziwani usiku wa tarehe 8, na upepo ukikataa tuna 9, 10 na 11 za akiba. Dada Mama Chanja, tutakuja chanjani, ahsante.

Bado la ndoano mchana.

Karabai ya Katonga

Hapo umepanga kivuvi, kuweka siku za akiba.

Ndoano ya mchana haina habari na mwezi, ina habari na upepo. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mrudi upepo wa mchana ukianza kukunja maji. Fuateni mahali mawe yanapokutana na mchanga, kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, anapapenda. Mshipi wa mkono unatosha, na chambo ni dagaa mbichi. Mkimwona kuhe ametulia karibu na chini na wingu la watoto wadogo limemzunguka, mwacheni, yule analinda wanawe, dume na jike pamoja, na wakiondolewa wale watoto wanaliwa asubuhi hiyohiyo. Ukinyamaza na maji yakiwa meupe utawaona vizuri, na kijana atalikumbuka hilo kuliko samaki wa kwenye ndoo.

Mjukuu wa Ujiji

Kijana ameuliza swali moja la mwisho, nakuletea kama alivyolisema: "Watanipa kamba na mimi nivute, au nitakaa tu?"

Karabai ya Katonga

Atapewa. Wavu huo hauinuki bila mikono yote. Aje na shati la mikono mirefu na kitambaa cha kufunga viganja, maana kamba ikilowa inakata, na saa kumi alfajiri kuna baridi inayotoka majini. Na wewe safari hii usilale.