Dume wa Friesian mwenye CV kwenye katalogi: nimtumie au nimwache?

Mfugaji_Nyanda
Wakuu, katalogi ya mbegu za Friesian niliyopewa ina madume wenye TL na TV pembeni ya jina. Mmoja, ambaye mabinti zake wana maziwa mengi, ana CV. Nina mitamba sita wa kuhimilisha na baba zao siwajui. Nimwache? Na nikitaka kuwapima jeni, maabara inataka damu au nywele?

Mirija
TL ni dume aliyepimwa BLAD (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha kinga ya ndama) akakutwa hana. Mbebaji, yaani mzima mwenye jeni ya ugonjwa anayoweza kurithisha, huandikwa BL. Kwa CVM (ulemavu wa kurithi wa uti wa mgongo) ni hivyo hivyo: TV ni safi, CV ni mbebaji. Mkuu, huyo wa CV mwenyewe ni mzima, ana nakala moja tu ya jeni yenye kasoro kati ya mbili. Kwa mtamba safi hakuna ndama mgonjwa, ila nusu watakuwa wabebaji. Kwa mtamba mbebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuharibika. Mimba nyingi za CVM hutoka kabla ya wakati; ikifika mwisho, ndama huzaliwa mfu, shingo fupi, vifundo vya miguu vimejikunja. Kwa kuwa hujui baba zao, himilisha kwa dume wa TV. Mtamba akikutwa mbebaji usimchinje, mchagulie tu dume safi.

Hereni_ya_Njano
Tuma nywele za mkiani. Zungusha kishungi kidoleni karibu na ngozi, vuta kwa nguvu mara moja, kisha tazama ncha kwenye mwanga: uone vitone vyeupe. Hiyo ndiyo mizizi, na DNA inatolewa humo, kwa hiyo usikate kwa mkasi. Nywele 30 hadi 40 zinatosha. Mkia wenye mavi uoshwe na ukauke kwanza. Tumia bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki unyevu huleta ukungu. Ng'ombe mmoja, bahasha moja, namba ya hereni iandikwe kabla ya kuvuta.
Mtamba aliyezaliwa pacha usitume damu yake kabisa! Mapacha hubadilishana damu tumboni, majibu yanaweza kuwa ya mwenzake.

Mfugaji_Nyanda
Asanteni sana. Na dume asiye na herufi yoyote?

Mirija
Usimhesabu kuwa safi, huenda hajapimwa. Muulize muuzaji, na utafute TY pia, ni aliyepimwa brakispina (ulemavu mwingine wa kurithi wa uti wa mgongo) akakutwa hana.

Daktari_wa_Zizi
Nyongeza: ng'ombe akitupa mimba, anzeni na kipimo cha brusela (ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba na kuambukiza watu) kabla ya jeni. Kondo na kijusi msiviguse bila glavu, na maziwa yachemshwe.