Kifaranga wa wiki 4 anahara damu: nimhudumieje usiku huu?

Mfugaji mpya, Morogoro

Ndugu wafugaji, habari za jioni. Nina vifaranga 22 wa kienyeji wenye umri wa wiki 4, na tangu jana mmoja amejitenga na wenzake, amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama na mbawa zimemshuka. Leo nilipomnyanyua nimekuta kinyesi chenye damu kimemgandia nyuma, na kifua kimekonda hata mfupa wake unanichoma kiganjani. Hali kabisa, wala hanywi mpaka nimchovye mdomo kwenye maji. Jirani amenishauri nisage kidonge cha antibiotiki ya binadamu nimpe, nami nimesita. Binti yangu ndiye anayemlea tangu alipoanguliwa, kwa hiyo naomba mnieleze la kufanya kabla maduka hayajafunguliwa kesho.

Mfugaji wa siku nyingi, Singida

Pole sana, ndugu yangu. Kwa umri huo na damu uliyoiona, nashuku kuhara damu, yaani koksidiosisi, ambayo huwapata zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Kidonge hicho kiache, kwa sababu ugonjwa huu hauletwi na bakteria bali na vimelea wanaoharibu kuta za utumbo.

Usiku huu mwokoe kwanza na baridi, maana kifaranga asiyekula hana cha kumtia joto mwilini. Mweke peke yake kwenye boksi lenye kitambaa kikavu, kisha weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo upande mmoja tu, ili joto likimzidi aweze kusogea. Ukimwona ameachama na kuhema, jua kwamba limezidi.

Kisha kiu. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga vijiko vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tafadhali usimmiminie kooni, kwa kuwa tundu la njia ya hewa la kuku liko nyuma ya ulimi, na mimi mwenyewe nimewahi kumpoteza kifaranga mikononi kwa haraka ya kumnywesha. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha tone moja pembeni mwa mdomo, ngoja ameze, ndipo udondoshe jingine. Chakula kisikuhangaishe kabla hajaanza kunywa vizuri.

Mhudumu wa mifugo, Iringa

Naafiki, na ninaongeza habari ya dawa. Asubuhi nenda duka la dawa za mifugo uulizie amproliamu, uichanganye kwenye maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uwape vifaranga wote 22, kwa sababu hao wanaoonekana wazima wamekuwa wakidonoa penye kinyesi kilekile. Huyo aliyedhoofika hatakunywa ya kutosha, hivyo mdondoshee maji hayohayo ya dawa. Vitamini B1 usiwape mpaka wamalize dozi, kwani dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini hiyo.

Halafu kagua maranda chini ya vyombo vya maji. Vijiyai vya vimelea vinavyotoka na kinyesi hukomaa ndani ya siku 1 au 2 penye unyevunyevu na joto, na dawa nyingi za kusafishia banda haziviui. Kwa hiyo zoa maranda yote, uyachome, na uinue vyombo vifikie usawa wa migongo yao. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwishoni, kisha unawe mikono.

Ukiona shingo inapinda, kinyesi cha kijani au vifo vya mfululizo, mwite afisa mifugo mara moja, maana huenda ni kideri, nacho hakina tiba.

Mfugaji mpya, Morogoro

Nawashukuru kwa moyo wote. Leo ni siku ya 4. Maranda chini ya chombo yalikuwa yamelowa hata yanakamulika, na kosa hilo ni langu. Vifaranga wengine 2 walianza kuhara, mmoja akafa jana. Afisa mifugo alimpasua akakuta damu imejaa kwenye utumbo, akathibitisha kuwa ni koksidiosisi. Huyu wa kwanza bado yumo kwenye boksi. Damu imekoma, na asubuhi hii alidonoa punje 3 za chenga za mahindi kwenye kiganja cha binti yangu. Je, nimrudishe kwa wenzake lini?

Mhudumu wa mifugo, Iringa

Pole kwa uliyempoteza. Usimrudishe hadi dozi iishe, ale mwenyewe bila kushikiwa, na kinyesi kiwe kigumu kwa siku kadhaa, kwa sababu wenzake wakimwona mnyonge watamdonoa.