FAMILI YA KATUBA: habari ya nyumba ya Bibiche

Yaya Mado, 19:42
Jambo famili. Sitaki mutu aseme kesho hakujua. Bamwizi balirudia ku kwa Bibiche usiku, ni mara ya pili mu siku kumi, mvua ilikuwa inapiga ku manjanja ya juu ya nyumba hata filimbi ya bajirani hakuna mwenye alisikia. Anapashwa kutoka mule mu kartye Kalebuka mbele ya siku ya posho (samedi). Tunachanga madolari 20 kila mutu, Fuso ya kubeba bintu nilishaongea na mwenyewe, mutume ku namba yangu.

Yaya Mado, 19:43
Niko nangoja

Yaya Mado, 19:58
Bantu 14 banasoma, hata moja hajibu

Bibiche, 20:03
Aksanti Yaya. Tuko bazima. Balikata kadena ya mulango ya lupango, kipande yake niliipata asubui chini ya dirisha, imekatwa safi sawa mukate. Antivole, bile vyuma ya dirisha, njo ilitusaidia, balivuta chuma moja jiska ikapinda. Kamutoto kanalala na viatu depi ile siku, nikikavua kanalia, kanasema mama tukikimbia nitakanyaga chupa. Na baba yao eko Kolwezi mupaka mwisho ya mwezi.

Tantine Odette, 20:05
Bwana abalinde 🙏🙏🙏

Tresor, 20:09
Na Simba? Ile imbwa tulinunua ku Njanja alifanya nini

Bibiche, 20:10
Alikuwa chini ya gari ya jirani

Tresor, 20:10
😂😂😂 alor Simba alihama wa kwanza

Gloire, 20:11
😂😂

Tantine Odette, 20:12
Ile imbwa hata ku Katuba ilikuwa inakimbia kuku

Yaya Mado, 20:13
Tresor mutoto analala na viatu we uko nacheka imbwa. Nataka majibu ya madolari 20.

Kaka Dieudo, 20:21
Bonsoir. Na kontra ya nyumba je? Aliweka sinyatire ya mwaka muzima. Aliingia mwezi wa 9, sasa tuko wa 2. Mi naona akule garanti yake mule mule, ile makuta aliachia mwenye nyumba pa kuingia, ni miezi 6, asilipe tena kitu mupaka iishe kisha atoke. Njo vile kila mutu anafanya mu Lubumbashi.

Yaya Mado, 20:22
Yeye akule garanti miezi 6, na bamwizi bakule nani?

Bibiche, 20:30
Kaka, niliongea na mwenye nyumba leo. Anasema nikitoka mbele ya mwaka garanti inabakia, ao nimupatie preavi, nimujulishe mbele, ya miezi 3 sawa vile iko mu kontra. Nilimuonyesha ile chuma yenye ilipinda. Akanyamaza sana. Akasema bamwizi habakufwata nyumba yake, bako mu kartye muzima. Si mutu mubaya, ile madolari 480 yangu ya garanti alishamalizia nayo nyumba yake ingine, hana hata 100 mu mukono.

Gloire, 20:41
Yaya Bibiche, pole kwanza. Sheria ya 31/12/2015 juu ya kupangisha nyumba (ni namba 15/025) inasema garanti ya nyumba ya kulala haipite miezi 3. Yeye alikamata 6, kwa hiyo miezi 3 ya juu, ni 240, hakuwa na aki ya kuiomba hata mukiwa na kontra. Mbele ya kwenda ku tribinali munapita ku komine, serivisi ya abita (ya mambo ya nyumba), banaita mwenye nyumba na locataire banajaribu kubasikilizisha. Uende na kontra na resi ya garanti. Na piga picha ya kila chumba mbele ya kurudisha fungula, asiseme kesho uliharibisha.

Yaya Mado, 20:43
Unaona! Aksanti mutoto yangu. Na tena kuna komisioneri moja, mwenye kutafutia bantu nyumba, ananiambia anaweza kupata locataire mupya mu juma moja, garanti ya ule mupya njo itarudisha ya Bibiche.

Bibiche, 20:49
Yaya, nilifikiria ile. Lakini akikuya mama mwenye batoto nitamuambia nini? Nitapaka ile chuma rangi? Kama ananiuliza nitamuambia yote, na akisikia hataingia. Siweze kumuficha.

Kaka Dieudo, 20:52
Alor makuta yako imepotea

Yaya Mado, 20:53
We Dieudo njo wa kusema makuta? Vyumba mbili vya nyuma mu lupango ya famili Katuba unalipisha depi matanga ya Mama, nani aliona hesabu?

Kaka Dieudo, 20:58
Nilijua. Kila kitu inarudi paka pale. Manjanja zenye upepo ilibeba nani alirudishia? Na jenereta ya matanga nani alilipa wakati bamoja bamoja balizima telefone?

Yaya Mado, 20:58
Usianze jenereta

Kaka Dieudo, 20:59
Ni we unaanza

Tantine Odette, 21:02
Jenereta tena yooo

Baba Mukubwa, 21:37
Ninasoma tangu mwanzo, ni macho inanichelewesha. Matofari ya ile nyumba ya Katuba tulifyatua na marehemu baba yenu kwa mikono yetu, mwaka 1974, kila mara kazi ikiisha. Hatukufyatua kwa ajili ya locataire. Mtoto wa mdogo wangu hawezi kulala na hofu na lupango yetu iko. Dieudonné, ufungue chumba kimoja. Habari ya garanti itafuata nyuma, mimi mwenyewe nitaenda kumuona yule mwenye nyumba siku ya Mungu nyuma ya misa, tutakaa tuongee. Na jenereta nisisikie tena hapa.

Bibiche, 21:39
Aksanti sana Baba 😭

Kaka Dieudo, 22:24
Nimesikia Baba. Lakini locataire wa chumba cha kwanza alishalipa mupaka mwisho ya mwezi, siweze kumutupa inje na hii mvua, yeye pia eko na mutoto. Cha pili kimejaa makala na bintu ya Mama.

Yaya Mado, 22:25
Makala inatoka. Bintu ya Mama tutapanga ku kwangu, nitakuya na mashuka ya kufunikia.

Yaya Mado, 07:15
Jambo. Benye balituma: mi 40, Tantine Odette 20, Gloire 5 (ni mwanafunzi, aksanti sana). Fuso anaomba makuta ya mafuta mbele. Bengine?

Tresor, 09:02
Yaya sina makuta kweli, sijalipwa. Lakini nitakuya kubeba vitanda, na usiku ya leo nitalala kule ku kwa Bibiche, nakuya saa moja ya magaribi na rafiki yangu.

Bibiche, 09:04
Aksanti Tresor. Batoto batafurahi.

Bibiche, 17:48
Nimeanza kufunga. Picha nimepiga za kila chumba, na ile antivole. Kaka Dieudo, fungula ya chumba cha pili iko kwa nani?

Patou, 23:51
Jambo bote, ni sasa naona. Anahama siku gani? Mi niko Kasumbalesa jiska siku ya posho

Yaya Mado, 23:53
Soma juu Patou. Dieudo nilikupigia mara tatu.